Tulivuka Ruzizi Kutafuta Sindano

Mtu wa Bukavu anayepelekwa Kigali kwa matibabu huanza safari yake kwa miguu. Pikipiki humshusha kwenye mpaka wa Ruzizi ya Kwanza, anapanga mstari pamoja na wachuuzi wa nyanya na wanafunzi, anaonyesha hati zake upande wa Kongo, kisha anavuka daraja na mizigo yake hadi kwa maofisa wa Rwanda. Julai 2023 zamu yetu ilifika: mimi, mwalimu wa shule ya msingi ambaye maishani sikuwa nimepita Kamembe, mji wa ng'ambo ya mpaka, na Baba Mdogo, mwenye karatasi ya eko, yaani picha ya ultrasound, mfukoni.

Eko hiyo ilifanywa kwa sababu nyingine kabisa. Alikuwa akiamka mara kwa mara usiku kwenda haja ndogo, na daktari wa Bukavu akataka kuangalia tezi dume. Tezi ilikuwa imekua kidogo, jambo la kawaida kwa mwanamume aliyepita miaka 60. Ila mkono wa daktari ulipopanda hadi chini ya mbavu za kushoto ulisimama, ukarudi, ukasimama tena. Figoni palikuwa na uvimbe. Baba Mdogo hakuwa na maumivu, hakuwa akikojoa damu, wala hakuwa amekonda. Siku hizi uvimbe mwingi wa figo huonekana namna hiyo, mtu akiwa anatafutiwa jambo lingine.

Barua ya daktari ilisema aende kupigwa picha ya skana na kuonana na bingwa wa mfumo wa mkojo. Nyumbani, maneno hayo yaligeuka yakawa "anaenda kuchomwa sindano", ile ya kutoa kipande cha uvimbe kikapimwe, na aliyeyageuza ni mwenyewe. Baba Mdogo alimaliza utumishi wake Pharmakina, kiwanda chetu cha kwinini. Kazi yake ilikuwa kuchukua sampuli: magome ya mti wa kwinini yakiletwa, anachomoa kidogo katika kila gunia, yanasagwa, maabara inapima yana kwinini kiasi gani, ndipo bei inatajwa. Mtu aliyeishi hivyo miaka yote haambiwi kwamba ana uvimbe mwilini halafu akaridhika na picha. "Gunia halinunuliwi kwa macho," alituambia siku tuliyokaa kuchanga nauli. Shangazi naye akaapa kwamba uvimbe ukichokozwa kwa sindano husambaa mwili mzima, na kwamba yeye hatoi hata senti moja kwa ajili ya kumuua kaka yake. Mwishowe alitoa, huku akilia. Tukaondoka na pesa za wote wawili, anayeitaka sindano na anayeiogopa.

Upande wa Rwanda, ofisa wa kike alifungua mkoba wetu na kutoa mifuko ya plastiki mmoja mmoja. Nchi hiyo iliipiga marufuku tangu 2008, na sambaza, samaki wadogo wakavu tuliowapelekea wenyeji wetu, wakahamishiwa kwenye karatasi ya khaki. Alipoifikia bahasha ya plastiki yenye picha za eko alizitoa, akazitazama mwangani, akamtazama Baba Mdogo, akazirudisha ndani ya bahasha ile ile bila kusema neno.

Basi la Kigali huondokea Kamembe. Mashamba ya chai ya Gisakura yakiisha, msitu wa Nyungwe unaanza, na baridi inaingia hata vioo vikiwa vimefungwa. Askari walikuwa wamesimama pembeni mwa barabara, mmoja mmoja, kila baada ya mwendo fulani. Mbega walikaa kwenye matawi bila kujali injini. Ndani ya msitu ule ndimo maji yanamogawanyika: mvua inayonyesha upande wa magharibi huishia mto Kongo, ya mashariki huishia Nile. Septemba ya mwaka huo huo UNESCO iliuandika Nyungwe katika orodha ya urithi wa dunia, lakini siku ile abiria wengi walikuwa na shughuli ya kuzuia kutapika kwenye kona. Tukatokea Kitabi, chai tena, kisha Huye, Nyanza, Muhanga, na jioni tukashuka Nyabugogo katikati ya kelele.

Wenyeji wetu walikaa Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kimezoeleka tangu zamani, na hilo lilinipunguzia woga. Nilichokishangaa zaidi ni abiria wa pikipiki kupewa helmeti. Baba Mdogo aliivaa ya kwake kama mtu anayevishwa taji, akakataa kuivua mpaka tulipofika lango la hospitali.

Kabla ya skana walimpima damu, hasa kreatinini, kwa kuwa dawa inayodungwa mshipani ili viungo vionekane vizuri inaweza kulisumbua figo ambalo tayari ni dhaifu. Picha hupigwa bila dawa kwanza, halafu tena dawa ikiwa imeingia. Tofauti ya picha hizo ndiyo habari yenyewe. Kifuko cha maji hakinyonyi dawa. Uvimbe wa nyama ulio hai huinyonya na kung'aa, kwa sababu una mishipa ya damu.

Tukisubiri zamu, tulikaa benchi moja na mama mmoja mtu mzima kutoka pande za Baraka, Fizi, kwenye ufuko wa ziwa Tanganyika. Alikuwa na mjukuu wake, mtoto wa kiume aliyekuwa amehitimu darasa la kwanza, tumbo limejaa na shavu moja limevimba. Mama huyo hakujua Kifaransa wala Kinyarwanda, kwa hiyo niligeuka mkalimani wake bila kuombwa. Niliyoyatafsiri yalikuwa mazito: mafigo yote mawili ya mtoto yalikuwa yamevimba, na madaktari walitaka kumchoma sindano siku iliyofuata, bila kungoja. "Mwanangu," aliniuliza, "mbona kwa mtoto wana haraka hivi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Jibu nilianza kulipata kwa njia ya Baba Mdogo. Bingwa aliyempokea alizungumza Kiswahili kizuri chenye Kifaransa hapa na pale. Aliziweka picha kwenye kompyuta, akatuonyesha: uvimbe wa sentimita 6 kwenye ncha ya chini ya figo la kushoto, wa nyama, unaong'aa dawa ikiingia. Tezi za limfu zilikuwa za kawaida, mapafu safi, figo la kulia zima.

"Mzee, umekuja kutafuta nini?"

"Sindano, Docta. Nataka mtoe kipande mkipime."

Daktari aliuliza kazi yake ilikuwa nini, na Baba Mdogo akamweleza habari za magome kwa kirefu, maana mada hiyo haimchoshi. Daktari alisikiliza mpaka mwisho.

"Gunia mlilipima wakati gani?"

"Kabla ya kulinunua."

"Na kama bosi angekuwa ameshaamua kulinunua gunia hilo, liwe na kwinini nyingi au kidogo?"

Baba Mdogo alicheka. "Hapo tungekuwa tunapoteza dawa za maabara bure."

"Basi, mzee, figo lako ni gunia hilo."

Kisha akafafanua. Uvimbe wa nyama wa ukubwa ule, unaonyonya dawa, kwa mtu mwenye afya na figo la pili zima, mara nyingi zaidi ni saratani, na dawa yake ni kuuondoa. Sindano ikisema ni saratani, wataukata. Ikisema si saratani, hawataiamini vya kutosha kumwacha aende nyumbani, kwa sababu huenda ncha yake iliingia mahali pasipo na ugonjwa. Uvimbe hauko sawa ndani kote kama magome yaliyosagwa. Wataukata. Na ikirudi bila jibu, jambo linalotokea karibu mara 14 katika kila sindano 100 za kwanza, watairudia au wataukata. Njia tatu, mwisho mmoja. Kilichobaki kuamuliwa ni kama waondoe figo zima au sehemu yenye uvimbe tu, na hilo linasomwa kwenye picha.

Niliuliza kama sindano ya figo basi haina kazi. Alitikisa kichwa. Ina kazi kubwa, alisema, ila pale ambapo jibu lake litabadilisha hatua inayofuata. Akataja hali moja baada ya nyingine, na mimi niliandika kwenye daftari la masomo.

Ya kwanza ni uvimbe mdogo, chini ya sentimita 4. Kati ya uvimbe wa namna hiyo unaoondolewa, karibu mmoja katika kila mitano hukutwa si saratani, na mwingi hukua polepole, milimita chache kwa mwaka. Hapo mgonjwa ana njia kadhaa za kuchagua: kukatwa, kuchomwa uvimbe kwa joto au kugandishwa kwa baridi, au kuangaliwa tu kwa picha kila baada ya miezi. Sindano husaidia kuchagua. Ya pili ni mtu mwenye figo moja tu, ambaye kukosea kwake ni kuishi kwa mashine. Ya tatu ni mtu aliyewahi kuugua saratani nyingine, ya titi au ya mapafu tuseme, kwani uvimbe wa figoni unaweza kuwa ni ule ule uliohama. Ya nne ni mtu ambaye ugonjwa umeshaenea na haendi kukatwa bali kuanzishiwa dawa. Dawa huchaguliwa kwa kujua aina ya seli. Ya tano ni ugonjwa unaoiga saratani. Katika nchi zetu jipu la figo, kifua kikuu cha figo, na figo lililoharibiwa na mawe na usaha wa muda mrefu vyote vinaweza kuonekana pichani kama uvimbe mbaya. Ukimuuliza mgonjwa habari za homa, ukapima mkojo na damu, mara nyingine hata sindano huihitaji. Ya sita ni limfoma, saratani ya seli za limfu, ambayo hutibiwa kwa dawa, wala kisu hakihusiki.

Kuna pia uvimbe usiohitaji kuchomwa kwa sababu picha imeshamaliza maneno. Uvimbe wenye mafuta ndani, yanayoonekana meusi kwenye skana, karibu kila mara ni angiomiolipoma, nao si saratani. Vifuko vya maji navyo vina madaraja yake, yaliyopangwa na Morton Bosniak, bingwa wa picha wa New York, mwaka 1986: cha kwanza kinaachwa, cha nne kinakatwa, na kwa vifuko vya madaraja ya katikati, sindano ya kunyonya maji mara nyingi haifumbui fumbo.

"Na mzee wa miaka 85 mwenye moyo mchovu?" aliuliza Baba Mdogo, ambaye sasa alikuwa ameivalia njuga hoja hiyo.

"Huyo simkati kwa hali yoyote, kwa hiyo simchomi. Wewe nakukata kwa hali yoyote, kwa hiyo sikuchomi. Sindano ni ya walio katikati yenu."

Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani kimeandika hivyo hivyo katika mwongozo wake wa 2017, ulioboreshwa 2021: sindano ifikiriwe pale limfoma, saratani iliyohama au maambukizi yanaposhukiwa, na si lazima kwa mtu ambaye uamuzi wake hautabadilika. Nilimuuliza pia kuhusu hofu ya Shangazi. Hakuicheka. Alisema seli kumwagika kwenye njia ya sindano kumewahi kuandikwa katika vitabu, lakini ni nadra sana, na siku hizi sindano ya kukata hupita ndani ya sindano nyingine pana inayobaki mahali pake, hivyo kipande hakigusi nyama ya njiani. Hatari ya kawaida zaidi ni damu kuvuja kandokando ya figo, nayo kwa kawaida hukoma yenyewe. Ndiyo maana hupima kwanza kama damu inaganda, na humsimamishia mgonjwa dawa za kuilainisha. Sehemu moja tu aliisisitiza: uvimbe ukionekana umeanzia kwenye njia ya mkojo ndani ya figo, hauchomwi kupitia ngozi kama kuna njia nyingine, kwa kuwa saratani ya aina hiyo hupenda kujipandikiza. Hutazamwa kwa kamera nyembamba inayopanda kutoka kwenye kibofu.

Kesho yake tulirudi kuchukua ripoti, na Mama wa Baraka akanishika mkono akiniomba nikae naye. Madaktari walikuwa wametafuta kwanza mahali rahisi pa kuchukua sampuli, kwenye shavu na kwenye maji ya tumboni, kama wafanyavyo wenye busara, lakini hawakuridhika nayo. Mtoto akapewa dawa ya usingizi. Nikiwa nje ya mlango niliisikia ile sindano yenye springi: tak. Kimya. Tak. Kimya. Tak. Muuguzi akatoka na kichupa cha formalini chenye jina la mtoto, akamkabidhi bibi akipeleke maabara ya jengo la pili. Ndani mlielea vinyuzi vitatu vyeupe, vyembamba kuliko njiti ya kiberiti, kila kimoja hakikufika urefu wa sentimita 2. Bibi alikibeba kwa mikono miwili, akitembea katikati ya ukumbi ili mtu asimpige kikumbo.

Walichokishuku ni limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliona watoto wa taya zilizovimba na matumbo yenye uvimbe, akaandika habari zao mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na madaktari wamisionari Ted Williams na Clifford Nelson walipanda gari kuukuu, wakazunguka kutoka Uganda kuelekea kusini mwa Afrika na kurudi, zaidi ya kilomita 16,000, wakisimama hospitali kwa hospitali kuuliza kama ugonjwa upo. Walikuta unafuata joto, mvua na nchi za chini, kama malaria, na kupungua ukipanda milimani. Baraka iko kwenye nchi ya joto na mbu kando ya Tanganyika. Sisi wa Bukavu tuko juu, karibu mita 1,500. Mwishoni mwa 1963 kipande cha uvimbe kutoka Kampala kilipelekwa London kwa ndege. Ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester, sampuli ikafika imechelewa na maji yake yamechafuka. Ndani yake Epstein, Achong na Barr walikuta kirusi kinachobeba jina la wawili kati yao, na wakakitangaza 1964.

Hapo nikaielewa haraka iliyomshangaza bibi. Burkitt inaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, lakini pia ni miongoni mwa saratani zinazoyeyuka kwa dawa. Mpasuaji akiona mafigo mawili yamevimba akashika kisu, atamwacha mtoto bila figo kwa ugonjwa usiohitaji kisu. Ila dawa zake ni kali, hazitolewi kwa kukisia. Hata umri peke yake haujibu swali. Mtoto wa miaka mitatu mwenye uvimbe mkubwa wa figo moja hushukiwa uvimbe wa Wilms, na madaktari wa Ulaya huanza na dawa kwa majuma machache kisha upasuaji, wale wa Marekani huanza na upasuaji. Umri na picha vikilingana, pande zote mbili kwa kawaida hawaanzi na sindano. Mtoto wa Baraka alikuwa mkubwa kuliko hao, mafigo yote mawili yameguswa, na shavu juu yake. Kwake kinyuzi kile ndicho kilichosimama kati ya njia mbili tofauti kabisa.

Majibu yalipotoka yalisema Burkitt, na walipelekwa Butaro, wilaya ya Burera, kaskazini mwa Rwanda, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa Julai 2012. Butaro ilipoanza, sampuli zake zilipelekwa hadi Boston kusomwa. Sindano hukamilika kwa jicho la mtaalamu wa patholojia, na mtaalamu huyo ni adimu katika eneo letu lote. Mgonjwa anayekubali kuchomwa ana haki ya kuuliza kipande kitasomwa na nani, wapi, na lini.

Sisi tulirudi na barua inayosema kazi inaweza kufanyika nyumbani. Baba Mdogo alipasuliwa Bukavu, uvimbe ukatolewa pamoja na figo. Ripoti ya patholojia ilipofika ilisema ni saratani ya seli angavu, ambayo haikutoka nje ya figo. Alisema Pharmakina haikuwahi kuchukua sampuli kubwa kiasi kile. Shangazi hakucheka.

Sasa mtaa wetu wa Kadutu wote unajua kwamba Baba Mdogo ni mtu wa kuulizwa. Akija mtu na karatasi ya eko, hamwambii achomwe wala asichomwe. Anamfundisha maswali ya kumpelekea daktari: jibu likiwa baya mtafanya nini, likiwa zuri mtafanya nini, likirudi halieleweki mtafanya nini? Majibu yote matatu yakifanana, anasema, sindano iache, shughulikia hiyo njia iliyobaki. Yakitofautiana, vua shati, lala kifudifudi, na usimsikilize shangazi yako.